Uhuru ya Ngomeni: setilaiti ya kilo 140 iliyotufikisha kwenye shimo jeusi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiwa inasherehekea miaka saba tangu ipate uhuru, roketi iliruka kutoka kwenye jukwaa la chuma lililosimama baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ikiwa imebeba kisetilaiti chenye uzito wa kama watu wazima wawili hivi. Kwenye makaratasi kilikuwa kinaitwa SAS-A. Kilipofika juu salama kikapewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea Wamarekani na Waitaliano waliokirusha. Ndo setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kutazama mionzi ya eksirei inayotoka kwenye nyota na galaksi.

Nimekichagua kisa hiki kwa ajili ya walimu, wanafunzi wa fizikia na yeyote anayejiuliza darubini ya angani inamsaidia nini mwanasayansi ambacho darubini ya mlimani haiwezi. Watu wengi wakisikia darubini ya angani wanarukia Hubble na James Webb, na ni kweli zile picha zinavutia sana, ila Uhuru haikupiga hata picha moja. Ilikuwa inahesabu tu. Na hesabu zile ndo zilizowafikisha watu mahali ambapo kwa mara ya kwanza waliweza kunyoosha kidole angani na kusema, pale pana shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Mafundi na wafanyakazi wa jukwaani nimewaacha bila majina, nimetaja wale tu ambao kazi zao zilichapishwa na zinajulikana.

## Hali ilivyokuwa kabla

Eksirei za kutoka angani hazifiki chini. Hewa inazimeza zote huko juu, na tushukuru kwa hilo maana ni sumu kwa viumbe, lakini kwa mtu anayetaka kuzisoma hewa hiyo hiyo ni ukuta. Hata ukipanda na vifaa vyako mpaka kileleni Kilimanjaro bado hewa iliyobaki juu ya kichwa chako inatosha kabisa kuzizuia. Lazima utoke nje.

Njia iliyokuwepo ilikuwa roketi ndogo zinazopanda na kushuka. Tarehe 18 Juni 1962 kikundi cha Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyekuwa anafanya kazi Marekani, kilirusha roketi moja kutoka jangwa la New Mexico. Walikuwa wanatafuta eksirei kutoka mwezini. Mwezini hawakupata kitu, ila wakakuta chanzo kikali ajabu upande wa kundi la nyota la Nge, kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, kikaja kuitwa Scorpius X-1. Hapo ndo elimu hii ilipoanzia.

Shida ya roketi ni muda. Inapanda, inapata kama dakika tano juu ya hewa, inaanguka. Yani unafungua dirisha, unachungulia, unafunga, halafu unakaa miezi unasubiri roketi nyingine. Kwa miaka minane ya kuchungulia hivyo, vyanzo vilivyojulikana vilikuwa makumi machache tu, na havikueleweka ni vitu gani. Kingine kibaya zaidi, kama chanzo kinabadilika, leo kinawaka sana kesho kinafifia, huwezi kujua ni chenyewe kimebadilika au ni kifaa chako kimekosea, kwa sababu umekiona mara moja kwa sekunde chache basi.

Giacconi na wenzake walilijua hilo mapema na mwaka 1963 wakawaandikia NASA, shirika la anga la Marekani, kuomba setilaiti itakayozunguka na kupekua anga lote. Ilichukua miaka saba mpaka iruke.

## Uamuzi wa kwanza: irushwe kutoka wapi

Hapa ndo pwani yetu inaingia, na haikuwa bahati tu.

Marekani walikuwa na Cape Canaveral, lakini Cape iko karibu nyuzi 28 na nusu kaskazini ya ikweta. Ukirusha kutoka kule, setilaiti inazunguka dunia kwa mshazari, inapanda kaskazini inashuka kusini. Na kwenye mshazari huo inapita juu ya eneo moja la Atlantiki ya kusini, upande wa Brazili, ambako mikanda ya chembe zenye nguvu inayoizunguka dunia inashuka chini sana. Kifaa cha kuhesabu eksirei kikipita mule kinachanganyikiwa, chembe zinagonga na kila pigo linahesabiwa kama eksirei. Data ya hapo unaitupa.

Waitaliano kwa upande wao, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa na jukwaa lao la San Marco lililosimama kwa miguu yake kwenye maji ya Ngomeni, likisaidiana na jukwaa jirani la Santa Rita, na mwaka 1967 walikuwa wamesharusha setilaiti yao kutoka pale. Ngomeni iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta. Ukirusha kuelekea mashariki kutoka pale setilaiti inakaa kwenye njia inayofuata ikweta na inalikwepa lile eneo baya kwa sehemu kubwa. Juu ya hapo unapata msukumo wa bure, maana dunia kwenye ikweta inazunguka kwa kasi ya karibu kilomita 1,670 kwa saa, roketi inaanza safari ikiwa tayari imebebwa.

Msukumo huo ulikuwa na maana sana kwa sababu roketi yenyewe, Scout, ilikuwa ndogo. Kwa hiyo uamuzi wa eneo, uamuzi wa roketi na uamuzi wa ukubwa wa kifaa vilikuwa vimeshikana, ukigusa kimoja vingine vinaanguka. Walichagua kitu kidogo, mahali sahihi. Mimi naona huu ndo uamuzi mkubwa kuliko yote kwenye kisa hiki, na ajabu ni kwamba kwenye vitabu vingi unapewa sentensi moja tu.

## Kifaa chenyewe kilikuwaje

Usifikirie kioo wala lenzi. Fikiria visanduku vya chuma vyenye gesi ya argoni ndani, juu yake karatasi nyembamba ya beriliamu ambayo eksirei inaweza kupenya. Ndani kuna waya wenye umeme wa volti nyingi. Eksirei moja ikiingia inagonga gesi, inang'oa elektroni, elektroni zinakimbilia kwenye waya, waya unatoa mshtuko mdogo wa umeme, kifaa kinahesabu moja. Ikiingia nyingine, mbili. Basi. Darubini yote ni hiyo.

Sasa utajuaje eksirei imetoka upande gani? Mbele ya visanduku waliweka vijimirija vya chuma vilivyobanana. Chukua kipande cha bomba la maji uchungulie, utaona kile tu kilicho mbele ya bomba. Upande mmoja wa setilaiti ulikuwa na uwazi mwembamba wa nusu nyuzi kwa nyuzi 5, upande wa pili nyuzi 5 kwa 5. Setilaiti ikawa inajizungusha taratibu, mzunguko mmoja kwa dakika 12, na kila mzunguko inafagia ukanda mzima wa anga. Chanzo kikiingia kwenye bomba hesabu zinapanda, kikitoka zinashuka. Ule upande mwembamba unakwambia vizuri zaidi kiko wapi. Ule mpana unakaa na chanzo muda mrefu zaidi, kama sekunde ishirini kwa mpito mmoja.

Zishike hizo sekunde ishirini, tunazirudia hivi punde.

Kitu kingine walichofanya, waliweka uwezo wa kubadilisha mzunguko kutoka chini. Wakitaka kukitazama kitu kwa kirefu wanapunguza kasi ya kujizungusha. Hicho kiliwaokoa sana.

## Mambo yalivyokwenda

Baada ya roketi kuruka na setilaiti kushika njia yake, kazi ya kufagia anga ikaanza. Msimamizi wa mradi upande wa NASA alikuwa Marjorie Townsend, na yeye ndo anayetajwa kuwa alilileta wazo la jina Uhuru.

Mapema mwaka 1971 wakaanza kuona kitu kwenye chanzo kinachoitwa Centaurus X-3. Hesabu zilikuwa hazipandi na kushuka kwa kilima kimoja laini kama zinavyotakiwa chanzo kikipita mbele ya bomba. Juu ya kile kilima kulikuwa na vilima vidogo vidogo, kimoja, kingine, kingine, kwa nafasi sawa, sekunde 4.8 kila kimoja. Kwenye sekunde ishirini unapata vinne hivi. Kwa roketi za zamani zinazopita haraka ungeona kimoja ukasema ni makosa ya kifaa.

Sasa kitu gani angani kinadunda kila sekunde 4.8? Wakaendelea kukitazama siku baada ya siku wakagundua mambo mawili. Kwanza, mapigo yenyewe yanaharakisha kidogo halafu yanachelewa kidogo, na mzunguko huo unajirudia kila siku 2.09. Ni kama honi ya basi, likija upande wako sauti inakuwa nyembamba, likishakupita inakuwa nzito. Pili, kila baada ya siku hizo hizo 2.09 chanzo kinapotea kabisa kwa karibu nusu siku kisha kinarudi. Hapo picha ikakamilika bila picha yoyote kupigwa, kwamba kuna kitu kidogo kinachozunguka nyota kubwa, kinakuja kwetu, kinaenda, kinajificha nyuma yake. Kitu kidogo hicho ni nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota kubwa iliyoporomoka kikabanwa sana, inanyonya gesi ya jirani yake, gesi ikianguka juu yake inapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei.

Hilo lilikuwa jibu la swali la miaka minane, vyanzo vile vikali vinapata wapi nguvu. Vinapata kwenye mvutano, kwenye kuanguka.

Njiani kulikuwa na matatizo. Rekoda ya tepu iliyokuwa inahifadhi data ndani ya setilaiti iliharibika kabla kazi haijaisha, na toka hapo wakawa wanapata tu kile kinachotumwa setilaiti ikiwa juu ya kituo cha kupokelea, mengine yote yanapotea. Kazi ya kukusanya data ikaisha Machi 1973.

## Cygnus X-1, penye uzito wa kisa

Cygnus X-1 ilijulikana tangu roketi za 1964. Uhuru ilipoitazama ikakuta haitulii hata kidogo, inawaka na kufifia ndani ya sehemu ndogo ya sekunde.

Hapa inabidi tusimame kidogo maana hoja hii ni nzuri sana kufundishia. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa wakati mmoja haraka kuliko mwanga unavyoweza kukivuka. Mwanga unakwenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kama kitu kinabadilika kwa sehemu ya kumi ya sekunde, basi sehemu inayowaka haiwezi kuwa pana kuliko kama kilomita 30,000. Jua letu lina upana wa karibu kilomita milioni 1.4. Kwa hiyo bila kukiona, kwa kuhesabu tu, unajua unashughulika na kitu kidogo mno kuliko nyota ya kawaida ambacho hata hivyo kinatoa nguvu nyingi kuliko jua mara maelfu.

Mwanzoni timu ilidhani mapigo ya Cygnus X-1 nayo yana mpangilio na wakachapisha hivyo. Vipimo vilivyofuata vikaonyesha hapana, hayana mpangilio wowote, ni fujo tupu. Na kumbe fujo hiyo ndo iliyokuwa habari, kwa sababu nyota ya nyutroni ina uso mgumu na sumaku, ikijizungusha inadunda kama saa. Kitu kisicho na uso hakina cha kudundisha.

Ila Uhuru haikuweza kusema Cygnus X-1 ni nyota ipi hasa. Bomba lile lilikuwa linaonyesha eneo, na ndani ya eneo hilo mna nyota nyingi. Ni sawa na kuambiwa mtu unayemtafuta yuko Kariakoo.

Msaada ukatoka kwingine kabisa. Mwaka 1971 darubini za redio, moja Westerbork Uholanzi na nyingine Green Bank Marekani, zikaona chanzo kipya cha redio ndani ya eneo lile. Chanzo hicho hakikuwepo hapo kabla. Watu wa Uhuru wakarudi kwenye data zao wakakuta kati ya Machi na Aprili 1971, wakati ule ule redio ilipotokea, eksirei za Cygnus X-1 zenye nguvu ndogo zilikuwa zimeshuka ghafla na kubaki chini kwa muda mrefu. Vitu viwili vimebadilika pamoja, mahali pamoja, wakati mmoja. Basi ni kitu kimoja. Na redio inaonyesha mahali kwa usahihi mkubwa sana, na pale ilipoonyesha palikuwa na nyota kubwa ya bluu yenye namba HDE 226868.

Louise Webster na Paul Murdin kule Uingereza, na Tom Bolton kule Kanada, wakaielekezea darubini za kawaida za ardhini. Wakakuta nyota hiyo inayumba, inakuja na kurudi kila siku 5.6, inavutwa na kitu kisichoonekana. Wakipiga hesabu ya uzito wa hicho kisichoonekana, unatoka mkubwa kuliko nyota yoyote ya nyutroni inavyoweza kubeba bila kujiporomokea yenyewe. Kidogo mno, kizito mno, hakionekani, hakina uso. Kazi zao zikachapishwa 1972.

Haikukubalika siku moja. Mwaka 1974 Stephen Hawking na Kip Thorne waliwekeana dau, Hawking akisema siyo shimo jeusi, na akakubali kushindwa mwaka 1990. Vipimo vipya vilivyotoka 2021 vinalipa shimo hilo uzito wa kama majua 21.

## Matokeo

Orodha ya mwisho ya Uhuru, ya nne, ilitoka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Linganisha na makumi machache ya kabla. Ilionyesha pia kwamba makundi makubwa ya galaksi yana gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi iliyojaa katikati ya galaksi zenyewe, gesi ambayo kwa macho ya kawaida haionekani kabisa, na hilo lilibadilisha kabisa hesabu ya vitu vilivyomo ulimwenguni. Giacconi akapata Nobeli ya fizikia 2002. Katikati ya hapo alikuwa mkurugenzi wa kwanza wa taasisi inayoendesha sayansi ya Hubble, kwa hiyo uzoefu wa kisanduku kile cha argoni ulihamia kwenye darubini ambazo leo kila mtu anazijua.

Setilaiti yenyewe ilianguka na kuungua hewani Aprili 1979.

## Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ya yote ni muda. Wengi wanadhani faida ya kwenda angani ni kuona mbali zaidi. Kwenye kisa hiki faida ilikuwa kubaki juu. Centaurus X-3 isingeeleweka kwa dakika tano, wala kwa dakika tano mara mia zilizotawanyika, kwa sababu siri yake ilikuwa kwenye mzunguko wa siku mbili. Ukifundisha, waambie wanafunzi wapige mstari hapo.

Cha pili ni ule uhuru wa kubadili mwendo wa setilaiti ikiwa tayari iko juu. Wangeifunga kwenye ratiba moja, wangepata orodha ya vyanzo 339 na hawangejua hata kimoja kinafanya nini. Kuamua katikati ya kazi kwamba hiki ni cha ajabu, tupunguze mwendo tukitazame, ni uamuzi uliogharimu, maana wakati unatazama kimoja vingine hauvifagii.

Kilichoshindikana kwanza ni usahihi wa mahali. Walijua tangu mwanzo mirija haitoshi, lakini kioo cha kukusanya eksirei kilikuwa bado kigumu kutengeneza na kizito kwa roketi ile. Wakakubali hasara hiyo. Ingekuwa darubini za redio hazikutazama, au zimetazama miezi sita mapema, Cygnus X-1 ingekaa bila mwenyewe kwa miaka mingine. Darubini yenye vioo vya kutengeneza picha za vyanzo vya mbali, Einstein, timu ya Giacconi ilikuja kuirusha Novemba 1978, na Chandra ikafuata 1999.

Kosa lingine ni lile la kuchapisha mapema kwamba Cygnus X-1 ina mapigo ya mpangilio. Silitetei, ila nalielewa. Waliosahihisha walikuwa watu wengine wenye vifaa vingine, na timu ikakubali. Na rekoda ya tepu, hiyo ni hasara ya kutokuwa na akiba, kitu chenye mitambo inayozunguka na kusuguana ndo cha kwanza kufa na hakuna fundi wa kupanda kwenda kukibadilisha.

Mwisho kuna lile linaloniuma mimi kama mtu wa Kiswahili. Jukwaa la Ngomeni lilirusha setilaiti mpaka 1988, zikiwemo nyingine za eksirei na za mionzi ya gama, halafu likanyamaza. Aprili 2023 Kenya iliporusha setilaiti yake Taifa-1, iliondoka California. Na watoto wa Ngomeni, wanaoyaona yale majukwaa kila wakitazama baharini, wengi hawajaambiwa kilichotoka pale. Kwenye mradi wenyewe sioni mahali ambapo kufundisha wenyeji kulikuwa sehemu ya mpango, na hilo nalihesabu kwenye kushindwa, sawa na rekoda ya tepu.

Mwalimu wa pale akitaka pa kuanzia, aanze na namba. Mpaka leo wanasayansi wakiandika kuhusu chanzo kama 4U 1820-30 au 4U 0142+61, wawe Japani, Chile au Uholanzi, ile nne ni orodha ya nne, na ile U ni Uhuru.